Mstari wa Tusiyoyajua

Nyumba tuliyonunua Burnley ni ya katikati,
imebanwa na jirani kushoto, jirani kulia,
kama mgeni aliyelazwa kati kwenye kitanda cha watatu.
Bei ilikuwa ndogo. Bei ndogo ni salamu tu;
maongezi huja baadaye.

Usiku wa kwanza Nassoro alishika kalamu,
koti mwilini, maana boila lilikuwa limekwisha kata roho,
akaandika kwa ule mwandiko wake wa kulala upande:
jikoni elfu sita, bafu elfu tatu na mia tano,
boila, madirisha, rangi, zulia la ngazi,
akapiga mstari mara mbili, jumla:
pauni elfu kumi na nne.
Ndizo tulizokuwa nazo. Sawasawa!
Akacheka kwa raha ya hesabu iliyokubali.

Mimi hesabu inayokubali upesi hunitia shaka.
Nimekesha wodini miaka tisa,
naijua homa inayoshuka haraka mno.
Nikamnyang'anya kalamu, nikaongeza
chini ya zulia neno moja: *Tusiyoyajua.*
"Kiasi gani?"
Sehemu ya tano ya yote.
"Usichokijua unakitiaje bei?"
Nikamwambia, ndiyo sababu ni ghali.

Basi lile jiwe jeusi la kaunta,
lenye chembe za kumeta, alilolipapasa dukani
kama mtu anayechagua farasi,
nikalikata. Akanuna siku mbili.
Kununa hakukuingia kwenye jumla.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema ukuta ni pauni ngapi,
wala kwamba juu ya ukuta kuna kodi,
wala kwamba fundi Gareth, mtu mwema kabisa,
akikwambia Jumatatu
huja Alhamisi.

Gareth alifunua sakafu ya chumba cha mbele.
Boriti zilikuwa laini, mkate uliolowa chai.
Akachomeka bisibisi, ikazama hadi mpini.
Hakusema kitu. Alivuta pumzi kupitia meno,
na ile sauti, nimejifunza sasa,
ni mia nane.

Kisha chini ya sinki: mabomba ya risasi.
Yaseme tena kwa lugha yetu, polepole,
uone kama hukusikia vita vikitangazwa.
Kusimamisha mapigano: elfu moja na mia mbili.

Kisha bomba la moshi, ambalo halijatoa moshi
tangu sijui lini, na bado linadai,
limeinama kumsikiliza jirani. Mia tisa na hamsini.

Nilijumlisha jikoni, nimesimama, viti hatuna.
Mia moja na hamsini zaidi ya mstari wangu.
Hata kutojua kwetu
tulikukadiria pungufu.
Tukafuta zulia la ngazi. Tutapanda kwa kelele.

Jumamosi tulibandua karatasi za ukutani,
maua, chini yake michirizi, chini yake maua tena,
mpaka plasta tupu, na kwenye plasta, penseli.
Mwandiko wa mtu. Mwaka hamsini na tatu.
Shilingi na peni zilizokwisha kufa:
gundi, karatasi roli kumi na moja, kukodi ngazi,
jumla, imefutwa,
jumla nyingine, imefutwa kwa hasira,
ya tatu kubwa kuliko zote, na kando yake
neno dogo la Kiingereza ambalo mimi, kwa heshima ya marehemu,
nalitafsiri: lahaula.

Nassoro alilitazama muda mrefu, vumbi kwenye kope.
Hakunitazama mimi.
Alitoa penseli nyuma ya sikio, akainama,
akaandika chini ya hesabu ya yule bwana
(au bibi, nani ajuaye) hesabu yetu sisi,
boriti, risasi, moshi, yote,
na mwisho *Tusiyoyajua*,
mbele yake akaacha wazi.

Kesho Gareth anakuja kupiga plasta juu yake.
Amesema kesho.
Kwenye daftari nimeandika Alhamisi.