Dakika Mbili Kabla ya Kuzima

Urho alizimwa Ijumaa, saa nane na nusu.
Miaka thelathini na mmoja ya kufunga milango ya magari
kiwandani Uusikaupunki, kisha keki, picha,
mkono wa meneja, na geti.
Jumatatu aliamka saa kumi na moja, akavaa ovaroli,
akakaa jikoni akiitazama saa kana kwamba inamdai.

Februari tukalivuta gari kwa trela kutoka Laitila,
Saab ya mwaka themanini na nne, nyeusi,
kutu chini ya milango (huenda aliifunga yeye),
turbo imekwama, haizunguki hata ukiisukuma kwa kidole.

Mimi nilipewa taa.
Aliyewahi kumshikia fundi taa anaijua kazi hiyo:
"Huku. Si huko. Huku!"
Mkono wa mtu hauwezi kumulika
mahali ambapo jicho la mwenzake linawaza.

Nje nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Ndani hita inanguruma, kahawa ina ladha ya grisi,
nati ya milimita nane imeangukia tumboni mwa gari
na imekataa kutoka, kama paka chini ya kitanda.
Urho akatukana kwa Kifini, lugha iliyoumbwa kwa shughuli hiyo.

Injini imelala kinyume, klachi mbele,
ufunguo uko katikati ya viti.
"Walioliunda hivi," alisema, "hawakumwuliza mtu."
Nikacheka. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu tangu ile keki.

Alipoifungua turbo aliniita niione:
konokono wa chuma, ndani yake mhimili
mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho,
na juu ya mhimili, weusi mgumu,
mafuta yaliyoungua yakagandamana
kama ukoko wa uji katika sufuria iliyosahauliwa.

Moshi unaotoka ndio unaozungusha gurudumu,
gurudumu ndilo linalosukuma hewa mpya ndani.
Kinachofukuzwa ndicho kinacholeta pumzi.
Kila kitu kinaelea juu ya utando wa mafuta, kwa kasi isiyohesabika,
na ukitoka barabara kuu ukazima papo hapo
mafuta husimama, joto halisimami.
"Unaiacha ingurume dakika mbili," akasema,
"ipoe ikiwa bado kazini."

Akanyamaza.
Nami nikamulika kwingine.

Halafu Torsti, jirani ajuaye kila kitu isipokuwa kunyamaza,
akaleta kipoza hewa cha gari lililopinduka,
na wazee wawili wakawa wavulana wa miaka kumi na saba.
Bomba la kukiunganisha hawakuwa nalo.
Wakakata mpira wa mashine ya kukamulia ng'ombe.
Nilisema. Iandikwe kwamba nilisema.
Kwenye kilima cha kwanza, barabara ya Rauma,
mpira ukachomoka kwa kishindo, mbwa wa kijiji kizima wakajibu,
tukarudi kwa gia ya pili, tukikohoa.

Aprili bomba la kweli likafika,
na Urho akataka shinikizo zaidi, kidogo tu,
kama mtu anayeomba chumvi mbele ya daktari.
Lakini macho yake hayasomi tena kipimo kile,
kwa hiyo yeye akashika taa, mimi nikashika spana.
Nusu mzunguko kwenye fimbo ya vali.
"Huku," nikamwambia. "Si huko."

Unakanyaga, na mwanzoni hakuna kitu.
Unahesabu moja, unaanza kujuta,
ndipo mkono mkubwa unakusukuma mgongoni
na misonobari inakuwa ukuta mmoja.

Sasa tumerudi. Gari limesimama uani, linanguruma.
Mkono wake uko juu ya ufunguo, katikati yetu,
hauugeuzi. Barafu inadondoka kwenye paa la gereji.
Torsti ametoka na kandambili kwenye theluji
kuuliza kama limeharibika tena.
Urho anateremsha kioo kidogo:
"Bado dakika moja."