Fomu ya Ridhaa

Fomu ya chuo ina kisanduku kimoja: Idara.
Hakina nafasi ya mstari wa pili.
Niliandika Historia, nikakata.
Nikaandika Lugha, nikakata.
Karani wa Al-Khoud akanitazama
kama mtu aliyeingia harusi mbili kwa kadi moja.

Mama aliuliza mara moja tu,
akifungua pakiti ya tui kwa meno:
"Utamaduni nao unasomewa digrii ya pili?
Mbona mimi ninao, na sikulipa ada?"

Mwezi wa nne huu namrekodi.
Jikoni kwetu Sib, simu imeegemea kopo la iliki,
kiyoyozi kinaunguruma juu ya kila neno.
Nimehesabu: na sufuria husema Kiswahili,
na Mungu, Kiarabu,
na muuza duka wa Kerala, Kihindi cha kukopa na kulipa.
Hasira haina lugha,
ni mfuniko tu unaotua kwa kishindo.
Huo nitauandikaje?
Dokta Ghaniya anasema, utie kwenye mabano.
Nimeutia: (mfuniko).

Usiku nasoma nadharia.
Kurasa arubaini juu ya mtu asiye huku wala kule.
Napiga mstari wa njano chini ya lililo muhimu
mpaka ukurasa mzima umekuwa njano,
maana yake sijaelewa kitu.

Jana nikampa fomu ya ridhaa.
Akavaa miwani, akasoma Kiarabu chake kwa kidole,
taratibu, kama mwaka ule wa sabini na tatu,
darasani Ibra, msichana wa miaka kumi na minne
katikati ya watoto wa saba,
mwalimu akamwambia: Wewe Mzinjibari, kaa nyuma.
Hili hakuwahi kunisimulia.
Alinisimulia jana, na simu nilikuwa nimeizima.

"Nikitia sahihi," akasema,
"maneno yatakuwa ya nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Liko sura ya pili,
lina tanbihi tatu.
Sikulitoa.

Akatia sahihi hata hivyo, jina lake lote,
Zuwena binti Khalfan bin Nasib,
likavuka mstari, likatoka nje ya karatasi,
nukta ya mwisho ikabaki kwenye kitambaa cha meza.
"Ile ya darasani usiiandike," akasema.
Akafikiri.
"Au iandike. Lakini kwa lugha
asiyoijua yule mwalimu."

Kisha akauliza kama ada ya muhula imelipwa.