Rangi ya Tangi

Fundi Shomvi wa Gerezani kanipa kipande cha boksi:
"Chora. Maneno hayapaki rangi."
Nikachora pikipiki kama mbuzi mwenye mimba,
masanduku mawili ubavuni.
Alicheka hadi msasa ukamdondoka.

Tangi nalitaka jekundu, ila si jekundu la soda
wala la fulana za uchaguzi.
Lile la vumbi la Makambako
likishaganda kwenye soksi: unafua mara tatu, bado limo.
Akakoroga kwenye mfuniko wa ndoo. Hapana.
Akatia tone la nyeusi. Karibu.
Akatia la pili, tukaharibu.

Madigadi yabaki kijivu.
Usiniandikie "Wivu Sumu" wala "Riziki Mafungu Saba".
Namba tu, ndogo, chini ya kiti: 614,
kilomita tulizokwenda na Tumsifu nyuma yangu
akinipigia kelele nipunguze mwendo.

Kidole chake kikakuta bonde, upande wa kushoto.
"Hili nalijaza puti. Kesho hulioni."
Nikamshika mkono.
Hapo goti lake liligonga, Kitonga,
lori lilipotunyima njia.
Goti lilipona. Kilichomchukua hakikuwa barabara.

"Rangi ifuate shimo," nikasema.
Akafungua kikokotoo cha simu.
"Shimoni rangi hujikusanya. Kazi mbili hiyo.
Ongeza elfu ishirini."

Nikatoa kumi.
Nyingine Jumatatu, nikirudi.
Nakwenda Makambako kwa basi, kama abiria,
nikuletee udongo wenyewe kwenye kopo.
Usipake kitu.