Mfalme Amelala

Kazi yangu ni kunong'ona.
Nakaa nyuma ya pazia, upande wa kushoto,
juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa,
tochi mdomoni, daftari magotini;
mwigizaji akiangusha neno
mimi ndiye ninayemwokotea.
Kwenye karatasi ya ratiba jina langu ni la mwisho,
chini ya mwenye kuazima viti.

Kila Februari, hapa Vilar da Geada,
mji wa mlimani, kaskazini mwa Ureno,
baridi ikishika hadi mabomba yanakohoa barafu,
tunafanya tamasha letu la siku tatu
katika ukumbi wa wazimamoto.
Gari jekundu hutolewa nje, likalala na theluji,
viti vikaingia.
Ijumaa ni sinema: shuka mbili za Bi Zulmira
zimeshonwa pamoja, na mshono hupita
katikati ya uso wa kila anayebusiwa.
Jumapili ni vikaragosi, kwa watoto
na kwa wazee wanaojidai wamewaleta watoto.
Lakini Jumamosi!
Jumamosi ni tamthilia,
na tikiti huisha kabla hazijachapwa.

Mwaka huu mfalme alikuwa Firmino, mwoka mikate.
Nani mwingine? Ana tumbo la enzi, sauti ya pipa,
na ndevu zake hazikuhitaji kupakwa uzee:
unga anao tayari.
Ila huyu ni mtu wa kuamka saa nane za usiku
kuwasha tanuri,
na mazoezi yetu yalimla usingizi wa mchana
wiki sita mfululizo.

Onyesho la pili. Mfalme anaketi kitini
(kiti cha kinyozi, tumekitandikia zulia)
amsikilize balozi.
Balozi ni Adérito wa posta, na hotuba yake ni ndefu;
nilisema ikatwe, nani ananisikia?
Nikaona taji likiinama.
Nikaona kidevu kikitua kifuani.
Nikanong'ona: "Balozi, umesema ya kutosha."
Nikanong'ona tena.
Mfalme akajibu kwa mkoromo.

Ukumbi ukacheka, ungefanyaje?
Kicheko kilianzia nyuma kwa vijana,
kikaja kikigonga viti.
Ndipo Bi Leocádia, mjane wa safu ya kwanza,
anayenunua mkate mmoja mdogo kila alfajiri
na hajawahi kuukuta umepoa,
akageuka, kidole mdomoni.
"Sss. Mwacheni."

Watu mia mbili wakanyamaza.

Zulmira, malkia, akavua joho
akamfunika. Hilo halimo daftarini.
Balozi akamalizia hotuba
kama mtu aliyesimama kando ya kitanda cha mtoto.
Vita vikapiganwa kwa ncha za vidole vya miguu,
panga za mbao zikigusana
kama watu wanaopeana mikono matangani.
Msaliti akatafuta pa kufia,
akajilaza sakafuni kama anayeweka mayai.
Na Nuno, mwana wa mfalme ndani ya mchezo
na mwana wa Firmino nje yake,
aliyerudi kutoka viwanda vya Ufaransa kwa siku nne tu,
alipaswa kupiga ukwenzi juu ya maiti ya baba.
Hakupiga.
Alipiga magoti, akamtazama akipumua,
muda mrefu, mrefu kuliko tulivyofanya mazoezi.
Tochi ilikuwa kwangu. Niliona.

Sikumkumbusha neno.
Usiku ule ukumbi mzima ulifanya kazi yangu,
nami nikafunga daftari, nikawa mtazamaji.

Makofi yalipigwa kwa glavu za sufu:
pf, pf, pf,
theluji ikiteleza kutoka paani.

Firmino alifumbua jicho moja tukikunja viti.
"Nimeshakufa?"
"Umekufa vizuri sana," nikamwambia. "Lala."

Mkate wa Jumapili ulichelewa saa tatu nzima.
Foleni ilifika hadi kanisani,
na hakuna aliyeuliza.