Picha Moja kwa Alhamisi

Daktari Rweyongeza anataka picha moja.
Moja tu, anasema, ya kuonyesha Alhamisi,
wakubwa waielewe kabla chai haijapoa.

Nina damu ya watoto mia tatu na kumi na wawili,
Vingunguti, Mbagala, Buguruni kwa Mnyamani,
na kila tone limejibu maswali elfu kumi na moja:
jeni hii imewaka? ile imelala? kwa kiasi gani?
Kila jibu ni mhimili, kila mhimili unadai ukuta wake.
Chumba changu hapa Upanga kina kuta nne,
na mmoja umelowa maji ya kiyoyozi.

Basi nakandamiza.
Kompyuta inakoroma usiku kucha, alfajiri inatema wingu:
nukta juu ya karatasi, kama ufuta uliomwagika.
Nikazipaka rangi hadi rangi zikaniishia.
Nyekundu, homa kali. Kijani, waliopona.
Daktari akainama, akakunja uso:
"Mbona zote kahawia?"
Miaka sita ofisi moja, leo ndiyo nayajua macho yake.

Akagusa nukta mbili. "Hawa wanafanana."

Hawafanani. Ni kivuli hicho.
Oktoba, saa sita, jua la utosi pale Mnazi Mmoja,
mrefu na mfupi wote kivuli chao sahani.
Nikaligeuza wingu ubavu:
wale wawili wakaachana kama Kimara na Kigamboni,
na namba mia mbili na saba,
aliyefunikwa katikati ya wenzake,
akabaki peke yake, mbali,
kwenye mhimili nilioutupa
kwa kuwa ulibeba asilimia mbili tu.

Asilimia mbili.
Msichana, miezi kumi na minne, Buguruni.

Jioni nikapita Magomeni, shangazi Sikudhani anipime gauni.
Vipimo kumi na vinane, kaviandika kwenye kipande cha boksi,
kisha akanilaza mezani, bapa, kitambaa cha buluu.
"Huu mgongo wako. Hili bega lililoshuka, la mkoba."
Nikamwambia sioni mgongo.
Akacheka na pini midomoni:
"Utauona wapi? Nguo ya mezani haijasema kitu.
Unadhani kwa nini nakuita mara tatu uje kujaribu?"

Alhamisi nikapeleka picha tatu.
Daktari hakunitazama. Chai ikapoa.
Kwenye ya tatu, nukta moja niliizungushia kalamu kwa mkono,
na mama mhasibu, mwisho wa meza,
akavua miwani, akauliza:
"Huyu nani?"

Nilikuwa na namba tu.