Ya Tatu Inagonga

Ufunguo ulibaki kwangu, kadi ya gari kwa Swaleh.
Ndivyo tulivyorithi Pijo la baba:
yeye karatasi, mimi chuma,
na gari lenyewe likarithiwa na chumvi.

Miaka tisa uani, Tudor, chini ya turubai
ambalo upepo ulilifunua utakavyo
kama mpangaji asiyejua kupiga hodi.
Paka walizalia kiti cha nyuma.
Mlango wa dereva ulioza chini,
ukawa kimia cha kutu, unapitisha kidole.
Wanunuzi wa vyuma chakavu waliuliza bei.
Nikawaambia, si langu peke yangu.
Hilo ndilo neno pekee la haki nililomsemea ndugu yangu
kwa miaka tisa.

Jumatatu fundi Mwachiro akaja na baiskeli,
mfuko wa spana ukilialia kwenye keria.
Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa,
akakipangusa kwenye suruali, uso umemwiva
kama mtu aliyesoma barua isiyo yake.
"Hili halijafa," akasema. "Limenuna."

Akafungua plagi nne, akazipanga ukutani kwa zamu
kama viatu vya watoto mlangoni mwa chuo.
Akatia dizeli na oili kila tundu, kijiko kwa kijiko.
"Sasa liache. Pistoni iliyoshikana
ukiiendea kwa nguvu utapinda konrodi."
Siku tatu.
Kila alfajiri nilikwenda kuchungulia,
utadhani nimeroweka maharagwe.

Ndani ya chujio la hewa, kiota cha panya:
sufi, nyuzi za kanga,
kipande cha risiti ya petroli, kituo cha Makupa,
tarehe imeliwa, mwandiko wa baba umesalia: lita kumi.
Petroli yenyewe ilitoka tangini nyekundu kama chai ya rangi,
inanuka vanishi.
Kabureta ikalala usiku kucha katika sufuria
ambayo mke wangu amekwisha kuitaliki.

Alhamisi tukatia hendeli mbele.
Mwachiro akaishika, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine
(baba alitufundisha hivyo, mimi na Swaleh,
likirudisha teke lisituvunje mkono).
Akasukuma. Wapi.
Akasukuma tena, akamtaja Mungu, kisha akalitukana,
ndipo nikasikia kitu kidogo sana,
kama ulimi unaobanduka kaakaani.
Robo mzunguko.
Nusu.
Halafu feni ikageuka,
na vumbi la miaka tisa likatumwagikia sote wawili.

Betri tuliazima kwa muuza barafu wa jirani.
Ufunguo ulikuwa na joto la mfuko wangu.
Mara ya kwanza, kwikwi.
Mara ya pili, kwikwi na kohozi jeusi.
Mwachiro akaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja,
akaniambia kanyaga, usiogope, kanyaga,
likanguruma!
Moshi mweupe ukajaa uani
hata nguo za Bi Mwanakombo zikapotea kwenye kamba,
naye akatoka na maneno ambayo siyaandiki hapa.

Sikumjibu. Nilikuwa nimekwisha kubonyeza namba
ambayo sikuwahi kuifuta.
Ikaita, huko Malindi. Ikaita. Ikapokewa,
wala hakusema haloo.
Nami sikusema. Niliinyoosha simu juu ya injini,
nikaishika hapo, mkono ukitetemeka
kwa mashine au kwa jambo jingine,
mpaka salio likakaribia kuniumbua.

Nilipoirudisha sikioni
nilisikia pumzi, na jogoo wa huko kwake,
kisha Swaleh akisafisha koo:
"Tapeti. Ya tatu inagonga.
Msiiguse mpaka nije."