Mahali pa Kuuweka Ufa

Bi Lorna Pettengill anataka nyumba mpya
iwe na umri wa miaka mia na ishirini
ifikapo Juni.

Ameniletea picha ya nyumba ya bibi yake,
iliyoungua yeye akiwa na miaka tisa,
na kipande cha blanketi kilicholiwa na nondo
ili nione rangi ya milango.
"Kijani hiki," akasema. "Si kile cha dukani."

Nami nachora. Dirisha la ofisi linatazama ghuba,
maji ya Maine yanauma hata mwezi wa Julai,
na kalamu yangu inarudi nyuma kama kambakoche:
baraza pana la pande tatu,
paa lenye mgongo mrefu linaloshuka hadi karibu liguse nyasi,
madirisha yenye vioo vidogo kumi na viwili juu,
kimoja kikubwa chini,
vigae vya mwerezi ukutani,
rangi ya asali mwaka wa kwanza,
kisha chumvi ivifundishe kijivu.

Mtambo wa joto nimeuficha nyuma ya kabati la vyombo.
Nyaya nimezizika. Chuma kinachoshika dari
nimekivika mbao,
kama bwana harusi aliyeazima kanzu.
Wahenga walisema nyumba njema si mlango;
hawakuwahi kulipwa kwa kuchora mlango.

Kisha akaomba kidato.
Kidato cha nne cha ngazi, akasema, kilikuwa kinalia.
Usiku akishuka kuiba biskuti
bibi aliamshwa na mlio huo, akacheka gizani.
"Unaweza kukichora?"

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi nimeanza na ukuta.
Wiki nzima natembea nao kichwani,
natafuta mahali pa kuuweka ufa.

Nikampigia simu Everett Beal, fundi seremala,
aliyerithi randa ya babu yake pamoja na ukali wake.
Akanyamaza hadi nikasikia msumeno wa mtu mwingine.
"Mlio hauchorwi," akasema.
"Mbao ikiwa mbichi kidogo, msumari mmoja ukisahaulika,
watoto wapande na kushuka miaka thelathini…
Wewe mpe ngazi. Kelele atajitengenezea."

Kwetu Korogwe, baba alijenga chumba kimoja
kila mkonge ulipopanda bei.
Cha mbele mwaka niliozaliwa,
cha nyuma walipokuja pacha,
jiko la pili mama alipokosana na shangazi,
na juu ya zege akaacha nondo,
si wale wa kula blanketi, hizi za chuma,
zimesimama na kutu zake
zikingoja ghorofa ya kesho.
Majirani walituchekea. Mama alifungia kamba ya nguo.
Hakuna aliyeniambia kwamba huo nao ni mtindo.
Chuoni hawakuutaja.

Kwa Bi Lorna hakuna kesho kwenye ramani.
Kila kitu kimekwisha, hata ambacho hakijaanza.
Watoto wa mwanawe watapata wapi pa kubomoa?
Nani atagombana na nani hadi nyumba iongezwe jiko?

Jana usiku, ofisi tupu, nikaongeza mstari mmoja:
boriti inayopenya ukuta wa mashariki
na kutokeza nje futi mbili, chini ya upenu.
Haina chumba. Haina hata kivuli cha chumba.

Asubuhi Everett akaweka hapo kidole chake
kile kilichokatika ncha.
"Hii inabeba nini?"

"Kwa sasa," nikasema, "theluji."

Akaitazama ramani. Akatazama ghuba.
Kisha akatoa penseli nyuma ya sikio
akaandika pembeni kwa herufi kubwa za kifundi:
MWALONI. ISIKATWE.

Bi Lorna bado hatujamwambia.